Uzinduzi wa Seva Isiyolala ya Lipovrelo

(Uwanja wa manispaa ya Lipovrelo, Serbia, Ijumaa, saa tano asubuhi, jua lipo lakini baridi haijaliheshimu. Jukwaani wameketi wajumbe wa Kamati ya Kuboresha Seva. Naibu Mwenyekiti wa Manispaa, Mheshimiwa Budimir Šljivić, anakipiga kipaza sauti vikofi vitatu, ingawa umati umeshamsikia akikohoa.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Manispaa, ambaye hayupo kwa kuwa leo ni slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wa mkewe, na sote tunajua kwamba mtakatifu wa ukoo hasubirishwi mezani. Mheshimiwa Mwakilishi wa Wizara, ambaye naye hayupo ila amemtuma dereva wake, karibu sana dereva. Baba Paroko, Padri Gavrilo, mlezi wa roho zetu. Waheshimiwa wajumbe watano wa Kamati ya Kuboresha Seva, ambao pamoja na mimi mwenyekiti wao tunatimia sita. Kamanda wa Zimamoto, ingawa hakuna kinachoungua. Bwana Srećko, kiongozi wa bendi ya tarumbeta, pamoja na tarumbeta zenyewe, ambazo naomba zinyamaze mpaka niziite. Wastaafu, wakulima wa plamu, vijana mliobaki nyumbani na vijana mliorudi wiki hii kutoka Austria: hamjambo! (Makofi. Tarumbeta moja inalia.)

Nimesema mpaka niziite, Srećko.

Tumekusanyika hapa leo, kwa heshima na taadhima, kushuhudia tukio ambalo wanahistoria, watakapomaliza shughuli nyingine, wataliandika kwa wino wa dhahabu, nalo ni kuzinduliwa rasmi kwa seva yetu iliyoboreshwa, yaani ule mtambo uliomo chumba cha chini cha jengo hili, ambao ndani yake mmo ninyi nyote: kuzaliwa kwenu, ndoa zenu, mashamba yenu, kodi zenu, na hata vifo vyenu, Mungu apishe mbali. Mtambo huo ulikuwa ukiendeshwa na mfumo endeshi wa zamani, mzee wa kuheshimika, aliyeanza kazi wakati mimi bado nina nywele, na mji mkuu ukatutangazia kwamba leo, saa sita kamili mchana, kila seva yenye mfumo wa zamani itakatwa kwenye mtandao wa taifa, isitoe cheti wala isipokee. (Minong'ono.) Msishtuke! Yetu ni mpya. (Sauti ya mwanamke: "Tangu lini?" Kicheko.)

Huyo ni Zorka, fundi wetu wa kompyuta, ambaye manispaa inampenda sana kwa ucheshi wake.

Na kabla sijazama kwenye kiini cha mada, namwona pale mbele Višnja, bintiye Mzee Ljubiša, ambaye mimi kwa mikono hii nilimsimamia kwenye ubatizo akiwa hana jino hata moja, na kesho, kama ilivyo ada yetu, nitamsimamia tena kwenye ndoa yake na kijana Ognjen, fundi bomba hodari huko Linz, Austria. (Shangwe.) Mambo yenyewe mnayajua. Kesho ndiyo Jumamosi ya mwisho kabla ya mfungo wa Noeli, na mfungo ukianza Padri haozeshi mtu mpaka Noeli ipite. Jumapili jioni Ognjen anapanda basi kurudi kazini, na anataka apande na mke. Msajili naye haandikishi ndoa bila cheti cha kuzaliwa cha bibi harusi. Višnja alikuja kukichukua Jumatatu, kiko tayari, ni kubonyeza tu. Nani alimwambia asubiri? (Mzee Ljubiša: "Wewe!")

Mimi! Nilisema hapana, mwanangu, cheti cha binti yangu wa ubatizo hakitatoka kimyakimya kama tikiti ya basi. Kitakuwa karatasi ya kwanza kabisa kutoka kwenye seva mpya, hadharani, picha ipigwe, na fremu nanunua mimi. Naye akakubali, maana hapa kwetu msimamizi hakataliwi. (Višnja, akiitazama saa ya kanisa: "Nilikubali, baba yangu wa ubatizo. Sasa si kichapishwe?") Kitachapishwa! Bi Persida, msajili wetu, yule pale kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza, yuko tayari kwenye mashine anasubiri ishara yangu. Wapungie wananchi mkono, Bi Persida. (Bi Persida anachungulia: "Nichapishe?") Bado! Hata utangulizi sijamaliza. (Dirisha linafungwa kwa kishindo.)

Naam. Wataalamu wa sekta hii wana neno lao, dauntaimu, na msiliogope, maana hata mimi nililiogopa mwanzoni. Dauntaimu ni ule muda ambao mtambo unazimwa ili ubadilishwe roho, kama mgonjwa anavyolazwa usingizi kabla ya kupasuliwa. Zipo manispaa zilizoboresha seva zao kwa dauntaimu ya saa tano. Zipo za siku mbili. Mji mmoja wa jirani, ambao siutaji kwa kuwa shemeji yangu anaishi huko na ana ulimi, ulizimika wiki nzima, na wiki hiyo hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kufa rasmi. Je, sisi Lipovrelo, chini ya uongozi makini, wenye visheni, wenye stratejia jumuishi na shirikishi, seva yetu imezimika kwa muda gani? Sifuri! Hata sekunde moja! Mmewahi kuona imezimika? (Umati: "Hapana!") Mmewahi kuhisi chochote? (Umati: "Hapana!") Mmeona tofauti yoyote? (Umati, kwa furaha zaidi: "Hapana!") Basi hayo ndiyo mafanikio. (Makofi. Zorka: "Mheshimiwa, kisichozimwa hakibadilishwi!")

Ahsante, Zorka. Namruhusu aseme kwa sababu kwa haki lazima nikiri kwamba wazo lilianzia kwake. Mwezi wa tatu aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, nami nakunywa kahawa, akaniambia, nayanukuu maneno yake: "Mheshimiwa, mfumo mpya nimeshauweka kwenye mashine ya pili, pembeni. Data nimenakili, nimeijaribu, inakwenda. Nipe saa moja tu nizime ya zamani, nihamishe kilichobaki, niwashe mpya. Watu watakuwa kwenye kahawa, hata hawatajua." Saa moja! Nikamtazama. Nikamwambia, binti yangu, saa moja ya seva ni mali ya umma, haiombwi kama sigara. Nikaunda kamati. (Mtu: "Alaa!") Nikaiwekea kanuni madhubuti, kwamba seva haizimwi ila wajumbe wote sita wawe wameketi pamoja, wanyanyue mikono pamoja, na wakae hapo saa nzima kuisimamia, asiwepo wa kusema baadaye kwamba yeye hakuwepo. Hiyo inaitwa uwajibikaji.

Sasa, ndugu zangu, kuwapata watu sita wa Lipovrelo kwa saa moja si mchezo. Mwezi wa tano tukapanga siku, ikaangukia Mtakatifu Georgi, slava ya wajumbe watatu. Tukasogeza mpaka kesho yake, kumbe wale watatu bado wanasindikiza wageni. Tukasogeza tena, wale watatu wamelala. Mwezi wa saba ni Mtakatifu Petro, slava ya Mheshimiwa Svetozar huyu hapa, na Mheshimiwa Svetozar hajui kualika watu wachache. Mwezi wa nane nani yuko mjini? Wote mko Ugiriki mmelala mchangani. Mwezi wa tisa ni wa kuchoma pilipili hoho za ajvar, ile rojo yetu ya akiba ya baridi, na mwanamume anayeiacha ajvar jikoni akaenda kikaoni, huyo akirudi asiulize chakula. (Wanawake: "Asiulize!") Mwezi wa kumi, Mtakatifu Petka. Wa kumi na moja, Mtakatifu Dimitri, na mara Malaika Mikaeli, ambaye ni wangu, na wote mlikuja kwangu, mkala, mkanywa, mkaimba, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za seva. (Sauti: "Sarma ile ya kabichi ilikuwa tamu, Mheshimiwa!") Nitamwambia mama.

Na ile siku moja, siku moja tu, tuliyotimia wote sita, tukashuka pamoja hadi chumba cha seva, tukakuta nini? Kiyoyozi kinavuma upande huu na mlango umeachwa wazi upande ule. Upepo wa kupita! Na Mheshimiwa Svetozar ndiyo kwanza ameshuka ngazi, shingo ina jasho. Nani hapa hajui upepo wa kupita unavyoua? Niliahirisha kikao palepale, nikaokoa shingo ya mjumbe. (Bibi mmoja kwenye benchi: "Ulifanya vizuri, mwanangu! Mume wangu ulimwondoa huohuo!" Vichwa vinatikiswa kwa huzuni. Zorka: "Mama, ile mashine inahitaji ubaridi!" Bibi: "Na shingo je?")

(Ognjen, bwana harusi, ananyanyua mkono: "Mheshimiwa, samahani, saa inakwenda. Na bosi wangu kule Linz hana mtakatifu.")

Nakuja kwako, kijana. Swali la msingi ni je, kamati ilikata tamaa? Haikukata tamaa. Tuliketi, tulitafakari, tulifanya tathmini ya kina ya changamoto na fursa, tukaja na mbinu ya kisasa kabisa ambayo naamini mataifa makubwa yatakuja kuisoma kwetu, inayoitwa maboresho yasiyogusa. Takwimu zinaongea. Malalamiko kuhusu kuzimika kwa seva ni sifuri. Malalamiko mengine hatukuyahesabu ili yasiharibu wastani. Kuridhika kwa wananchi kumefika asilimia mia moja na kumi na mbili, zile kumi na mbili zikiwa ni za waliofurahi mara mbili. Kasi ya mtambo haikupanda wala haikushuka, na uthabiti, mabibi na mabwana, ndio mama wa maendeleo. (Makofi ya wajumbe watano.)

(Mzee Ljubiša anasimama juu ya kiti: "Budimir! Imebaki robo saa!")

Mzee mwenzangu, saa sita inawahusu wenye seva za zamani. Sisi inatuhusu nini? Haraka haraka haina baraka. (Mzee Ljubiša: "Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Kondoo wanne wameshachinjwa, wageni wako njiani kutoka pande zote, na binti yangu hana karatasi!") Atakuwa nayo! (Bi Persida anafungua dirisha: "Nichapishe sasa?") Bi Persida, kuna utaratibu! Namalizia hotuba, Srećko anapiga tarumbeta, Padri anabariki, wewe unabonyeza, mpiga picha anapiga. Ukibonyeza sasa mpiga picha atapiga picha ya nini? (Padri Gavrilo: "Baraka zangu ni fupi, Budimir. Naweza kuanza hata sasa.") Ahsante, Baba, lakini sijamshukuru aliyefanikisha haya yote. (Padri: "Mungu?") Naye pia, lakini nilikuwa nakuja kwangu mimi.

Maana uongozi ni upweke, ndugu zangu. Mnaniona hapa nina suti, hamnioni nyumbani nikigeuka kitandani nikiwaza seva. Mke wangu shahidi. Wapo walioniambia, "Budimir, mpe Zorka saa yake yaishe." Ningempa, nani leo angekumbuka? Mambo yanayofanyika kimyakimya kwa saa moja hayana uzinduzi, hayana utepe, hayana tarumbeta. Na mimi nikajiuliza, Višnja atawaambia nini watoto wake? Kwamba cheti cha kuzaliwa cha mama yao kilitoka Jumatatu, dirishani, watu wakiwa foleni? Au atawaambia kwamba mji mzima ulisimama? (Višnja: "Baba, mji umesimama. Miguu inatuuma. Nakuomba, mpe ishara.") Nampa, mwanangu, nampa, bado aya mbili, na ya kwanza inamhusu babu yangu, ambaye naye alikuwa mtu wa maendeleo, na mwaka ule wa mafuriko, wakati daraja…

(Kengele ya kanisa inaanza kulia saa sita. Bendi inadhani ndiyo ishara, inaanza kupiga kwa nguvu. Bi Persida, naye akidhani hivyo, anabonyeza. Padri anabariki hewa. Wanabendi wananyamaza mmoja mmoja. Bi Persida anatokea dirishani: "Inakataa! Imeandika hakuna muunganisho! Wametukata!")

(Dereva wa Mwakilishi wa Wizara anavua kofia.)

Wananchi, hili ni… kama mnavyofahamu, katika utekelezaji wa kila mradi huwa kuna… hili ni suala dogo la kiufundi. (Zorka: "Si dogo.") Ni la mpito. (Zorka: "Wala si la mpito.") Huenda saa ya mji mkuu iko mbele…

(Višnja anafika mbele ya jukwaa. Hapigi kelele. "Baba. Uliniambia nisubiri, nikasubiri. Jumatatu karatasi yangu ilikuwepo. Sikuudhi, nakuuliza tu, na hawa wote wasikie. Ile seva mliigusa au hamkuigusa?")

(Mheshimiwa anatazama kurasa za hotuba yake, anaugeuza mmoja, hauna kitu.)

Hatukuigusa, mwanangu.

Hatukuigusa hata kwa kidole. Nilijua itafanya kazi mpaka saa sita. Nikasema, tutaanza saa tano, nitaongea kidogo, cheti kitatoka, picha itapigwa, utaolewa, na Jumatatu nitatafuta la kuwaambia hawa. Yote niliyapanga, ila sikujipanga mimi. Nikishika kipaza sauti sijui kushuka. Naona aibu, Višnja. Nilitaka uwe na siku ya fahari, na nimeishika hiyo siku mkononi mpaka imevunjika. Ljubiša, nisamehe. Kondoo nitalipa mimi. (Mzee Ljubiša: "Kondoo si kitu! Nilikupa mtoto umshike, Budimir, sikukupa umsubirishe!" Bibi wa kwenye benchi analia. Ognjen amemshika Višnja bega.)

(Zorka anapenya katikati ya watu, mfuko wa vifaa begani: "Jamani, msiba baadaye. Mji mkuu wanafunga ofisi saa tisa na nusu. Mashine mpya ipo, imekaa inanisubiri tangu mwezi wa tatu. Nikipewa saa moja sasa hivi, nahamisha, nawasha, napiga simu wanatuunganisha, na cheti kinatoka leo. Saa moja! Na hao wajumbe sita mnaowatafuta mwaka mzima, si hao hapo? Leo si slava ya hata mmoja wao. Wameketi pamoja saa nzima, kiti kwa kiti, wanamsikiliza huyu!")

(Umati unawageukia wajumbe. Wajumbe wanatazamana kana kwamba ndiyo kwanza wanahesabiana.)

Ni kweli. Tuko sita. Nilisema siku adimu kama hii isipotee, ndiyo maana nikaiwekea uzinduzi. Naomba basi, kwa kuwa itifaki inataka hotuba ifungwe kabla ya kura… (Umati: "Aaah!") … ifungwe kwa ufupi! Kwa kaulimbiu tu! Lipovrelo! (Umati: "Nyanyua mkono!") Lipovrelo ya kidijitali! (Umati: "Nyanyua mkono!") Maendeleo bila dauntaimu! (Umati, wajumbe watano na dereva: "Mkono, Budimir!")

Haya. Basi nashukuru. Namshukuru Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye hayupo. Naishukuru Wizara, ambayo haipo. Naushukuru Mradi Mkuu wa Maboresho ya Seva ya Lipovrelo, ambao, kwa kuwa tumeshaanza kusema kweli, nao haujawahi kuwepo, wala mbinu ya maboresho yasiyogusa haipo, niliitunga jana nikinyoa ndevu. Nakushukuru, Zorka, kwa kutochoka nami. Nawashukuru ninyi, kwa kusimama kwenye baridi hii mkiyasikiliza hayo. Na nawashukuru waheshimiwa wajumbe, ambao naona mikono mitano iko juu, na haijawahi kuwa juu kwa pamoja tangu kamati izaliwe. Wa sita ni wangu, nao siwezi kuunyanyua, maana mkono mmoja una hotuba na wa pili una kipaza sauti. Višnja, mwanangu, njoo basi unipokee kimoja. Ahsanteni.

(Višnja anapanda jukwaani na kumpokea vyote viwili.)